Tausi hashuki kabatini tangu Bosi aingie

Shikamoo Mzee,

Naandika nikiwa jikoni, maana sebuleni kwetu siku hizi hakukaliki. Mimi ni mwalimu, naishi hapa Tanga na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Nina paka jike, Tausi, ana miaka minne. Nilimwokota soko la samaki la Deep Sea macho yakiwa ndiyo kwanza yanafumbuka, nikamlea kwa bomba la sindano. Ni mwoga tangu siku hiyo. Bodaboda ikipita karibu na dirisha, yuko uvunguni. Kijana wa gesi akigonga mlango, hatumwoni Tausi mpaka magharibi. Lakini akiwa na sisi wa ndani ametulia. Ana kiti chake, ana bakuli lake, usiku analala miguuni pangu.

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alihamishiwa Dodoma kikazi, na mwenye nyumba wa huko hataki mnyama. Akanililia nimchukue paka wake, Bosi. Ni dume kubwa la rangi ya chungwa, miaka miwili, hajahasiwa. Alikuja na basi kutoka Dar ndani ya tenga. Nilikuwa nimechoka, nikaliweka tenga katikati ya sebule nikafungua. Bosi akatoka kama mwenye hati ya nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la Tausi, akala, akamaliza, akapanda kiti chake. Tausi alikuwa dirishani. Manyoya yalimsimama, akafoka, akaparamia pazia, pazia likaanguka naye.

Tangu hapo anaishi juu ya kabati la nguo. Anashuka usiku wa manane, anakula kidogo, anarudi. Bosi anakaa koridoni, mbele ya mlango wa jikoni ambako ndiko liliko beseni la mchanga, anamtazama. Hamfanyi kitu, anamtazama tu. Juzi alfajiri, mume wangu akijiandaa kwenda msikitini, wakashikana kweli. Manyoya yalitapakaa, na Tausi ana kidonda begani. Na sasa ameshakojoa kwenye godoro letu mara tatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Ushauri nimepewa mwingi. Mume wangu anasema waache wapigane, mshindi akijulikana watazoeana. Nikitaka kumfungia mmoja chumbani, mama mkwe anasema kumfungia paka ni dhambi, kuna mwanamke aliingia motoni kwa ajili hiyo. Jirani anasema Tausi ana wivu, huu ni ukewenza, niwafukize wote wawili udi ili wanuke sawasawa. Na dada wa dukani ameniambia nimpe Tausi robo ya Panadol kwa maumivu ya bega.

Nampenda Tausi, na Bosi naona hana kosa. Nimrudishe? Nifanyeje?

Mama Tausi, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na Panadol kabla ya jingine lolote, maana huenda umeshaishika mkononi. Usimpe. Si robo, si punje. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli kama wa kwetu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya matope, ini linaharibika, na kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima. Kama ulishampa, weka barua hii chini umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Na vidonge vyetu vingine vya maumivu navyo viishie kwetu wenyewe.

Bega lenyewe linahitaji daktari hata hivyo. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linatoboa, linaacha uchafu ndani, ngozi inajifunga juu yake. Leo unaona kitone, baada ya siku tatu nne pana jipu. Ukikuta pamevimba au pana moto, au akakataa chakula, usisubiri. Paka aliyekaa siku mbili bila kula kabisa yuko hatarini, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulisonga.

Mkojo wa godoroni nao usiuite jeuri. Hofu ikikaa muda mrefu inaweza kumletea paka uvimbe wa kibofu, kukojoa kukawa kunamuuma, naye akatafuta mahali laini penye harufu yako. Inawezekana pia kwamba hana pengine pa kwenda, na hilo nitalirudia. Daktari ampime kwanza. Ukiwa huko, muulize dalili za dume kuziba mkojo, uzijue. Bosi akichutama kwenye mchanga akajikamua bila kutoka kitu, hiyo ni dharura ya saa ileile, hata kama ni usiku.

Haya, twende kwa washauri wako.

Mume wako anawafikiria majogoo. Jogoo wawili watapigana, mmoja atakuwa mkubwa wa banda, na mambo yatatulia. Paka hana banda. Asili yake ni paka pori wa huku kwetu Afrika na nchi za Waarabu, na yule anawinda peke yake, kwa sababu panya mmoja hawashibi wawili. Hakuna ndani yake desturi ya kushindwa na kisha kumtii aliyemshinda. Kinachobaki baada ya pigano ni kumbukumbu: Tausi amejifunza kwamba korido inauma. Wakipigana mara ya pili atajifunza kwamba na sebule inauma. Nimewaona paka waliokaa nyumba moja miaka mitano, na mmoja miaka yote hiyo akila saa nane za usiku.

Mama mkwe tumjibu kwa heshima, maana hakubuni. Hadithi hiyo ipo na inajulikana. Lakini mwanamke yule alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, hadi akafa. Huyu wako atakuwa na chumba, maji, chakula, dirisha la kutazamia kuku wa jirani, na mtu wa kukaa naye. Tena mtu huyo awe mama mkwe mwenyewe. Mpe yeye kazi ya kumlisha Bosi na kukaa naye baada ya alasiri. Nina hakika baada ya wiki atakuwa wakili wake.

Jirani yako wa udi ndiye anayenifurahisha, kwa sababu amekosea njia lakini amelenga penyewe. Ukewenza siukubali, Tausi hagombei mume. Chukua mfano wa nyumba ya kupanga. Unarudi kazini unamkuta mtu usiyemjua amelala kitandani kwako, amemaliza wali wako, kisha amekaa kwenye mlango wa choo pekee cha nyumba anakukodolea macho. Hajakugusa. Je, utapita kwenda chooni? Ungejikojolea, na hakuna ambaye angekuita mwenye wivu. Ila kuhusu harufu jirani amesema kweli. Paka anamjua mwenzake kwa pua kabla ya jicho, na nyumba yako ilikuwa imepakwa harufu ya Tausi kila pembe: kila aliposugua shavu, kila alipokwaruza kucha. Bosi alipoingia aliifuta kwa usiku mmoja. Moshi wa udi utazifunika harufu zote, hata ile ya Tausi inayomtuliza, na kumkereketa pua juu yake. Udi uache kwa ajili ya wageni.

Kosa lilikuwa lile tenga kufunguliwa sebuleni. Nalisema bila kukulaumu, maana karibu kila mtu hufanya hivyo, na mimi nimewahi kufanya hivyo nikiwa tayari na cheti ukutani. Dawa yake ni kumwingiza Bosi upya, kama vile basi la Dar limefika leo.

Anayehama ni Bosi. Tausi abaki na nyumba. Watu wengi humfungia mwoga ili "apumzike", kisha mgeni anamalizia kuiteka nyumba. Itoe stoo yako vitu vinavyoweza kumwangukia, mwekee beseni lake la mchanga, na mbali nalo maji na chakula, boksi la kujificha na kigoda cha kupandia dirishani. Mlango ufungwe kwa komeo, maana watoto wanasahau. Akilia usiku wa kwanza, msimfungulie. Mchosheni kabla ya kulala: unyoya wa kuku kwenye kamba, robo saa, halafu chakula. Dume la miaka miwili lisilo na kazi hutafuta kazi, na kazi aliyoipata Bosi ni kumvizia Tausi.

Tausi akijua adui hayupo ataanza kushuka. Usimteremshe wewe. Waambie na watoto: asivutwe, asiitwe kwa kelele, asibebwe kwenda "kumsalimia mwenzake". Huko juu mwekee kitambaa chako ulichokwisha kukivaa, na chini mpe maboksi mawili yenye tundu huku na huku, maana boksi la mlango mmoja ni mtego. Subiri mpaka arudi kwenye kiti chake na kulala miguuni pako. Huenda ni siku nne, huenda ni wiki mbili. Kabla ya hapo usifanye chochote kati yao.

Siku hizo za kungoja zina kazi ya kwenda mjini. Bosi akahasiwe. Ukali na harufu ya dume havitoki siku hiyohiyo, vinapungua kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo za mwanzo bado anaweza kuzalisha. Hukuniambia kama Tausi amefungwa kizazi. Kama bado, mpeleke pia akishapona bega, la sivyo baada ya miezi miwili na kidogo utaniandikia barua nyingine yenye paka saba. Wote wawili wapate dawa ya minyoo na chanjo. Ya kichaa cha mbwa msiiache kwa sababu ya jina lake, paka anaugua na anaambukiza vilevile. Mwambie daktari kwamba wameshaumana, ajue ni vipimo gani vya kufanya, kwa kuwa yapo maradhi ya paka yanayopita kwenye jeraha la jino.

Na viroboto: usinunue dawa ya mbwa ukapunguza kipimo. Nyingi zina permethrini, na hiyo humtia paka kifafa.

Tausi akitulia, anza na pua. Chukua soksi safi, msugue Bosi mashavuni taratibu, pale mbele ya sikio na kwenye pembe ya mdomo, ambako paka hutoa harufu yake ya amani. Iweke soksi sakafuni hatua kadhaa kutoka bakuli la Tausi. Ya Tausi nayo ipeleke stoo. Akiinusa akaipita, vizuri. Akifoka, isogeze mbali zaidi na usiseme kitu. Kesho ileile tena, mpaka soksi iwe soksi tu. Kisha wabadilishane nafasi kwa saa moja: Tausi yuko chumbani kwako na mlango umefungwa, Bosi anatembea sebuleni, halafu anarudi stoo. Hawaonani, lakini kila mmoja anasoma habari za mwenzake.

Sambamba na hilo, chakula. Bakuli la Bosi ndani ya stoo, la Tausi nje, mlango umefungwa kati yao. Umbali anauchagua Tausi. Kama anakula kwa utulivu akiwa mita tatu kutoka mlangoni, basi ni mita tatu, na kila siku sogeza upana wa kiganja. Hapa ndipo utumie vitu vizuri. Dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi, kichwa cha kibua, chochote ambacho siku nyingine hawakipati. Unataka Tausi aseme moyoni, kila nikisikia harufu ya yule mwekundu, kibua kinatokea. Ukisogeza akaacha kula, umeharakisha. Rudi nyuma.

Macho yanakuja baada ya pua kuridhika. Fundi akutengenezee fremu nyepesi ya mbao yenye wavu wa dirisha, isimame mlangoni pa stoo, nayo uifunike kanga. Wakiwa wanakula, pandisha kanga kidogo waonane miguu. Kesho kutwa pandisha zaidi. Dakika tatu zinatosha. Usiwaache hapo wakodoleane, hasa Bosi. Wewe uliandika "anamtazama tu" kana kwamba si kitu, ilhali kwa paka hilo ndilo tusi kubwa. Jicho kali lisilopepesa, mwili umeganda, mkia unapiga ncha: hapo anamtisha, na mtu asiyejua atasema amekaa kwa adabu. Rusha unyoya upande mwingine akaufuate. Paka anayefumba macho polepole na kuyafumbua, au anayegeuka kujilamba, anasema hana neno. Wewe pia mfumbie Tausi macho hivyo akiwa juu ya kabati, anaelewa.

Kufoka kusikutishe. Tausi akifoka mara moja akaondoka, amesema "hapo hapo, usinisogelee", na Bosi akisimama, mazungumzo yamekwenda vizuri. Kibaya ni masikio kulala kichwani, mlio mrefu unaopanda kama king'ora, Bosi kumfuata baada ya yeye kuondoka, au Tausi kurudi kuishi kabatini.

Siku ya kuondoa wavu chagua saa ya mchana, si alfajiri wala magharibi. Hizo ndizo saa za damu ya paka kuchemka, za kuwinda, na sishangai walishikana mume wako akijiandaa na msikiti. Bosi awe ameshachezeshwa mpaka amechoka. Milango ya vyumba iwe wazi ili Tausi awe na njia mbili za kutoka. Wape chakula pande mbili za sebule, kaeni kimya, na baada ya dakika tano Bosi arudi stoo kabla hajafikiria lolote. Mwisho uwe wakati bado pana amani. Kesho tena dakika tano. Dakika ziongezeke kama vile unavyomwanzishia mtoto uji.

Mimi nilikuwa na jike wangu wa kijivu na mwingine niliyeletewa. Siku ya kumi na mbili walikuwa wanalala chumba kimoja, nikajiona fundi. Siku ya kumi na tatu kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Yule wa kijivu aliruka, akamwona mwenzake mbele yake, akaamini ni yeye aliyepiga kelele ile, akamrukia. Nilirudi mwanzo kabisa, soksi na kila kitu, na mara ya pili ilinichukua miezi mitatu. Kwa hiyo usinihesabie siku.

Wakishikana tena, mkono wako usiingie kati. Telezesha ubao au sinia kubwa katikati yao, au watupie blanketi, mmoja aingizwe chumbani na asitolewe mpaka kesho. Usiwapige wala kuwamwagia maji, watakachokumbuka ni kwamba akiwapo fulani, mama anakuwa mkali. Ukiumwa au kuparurwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kisha nenda hospitali, hata kama ni kidonda kidogo. Paka huyo ni wako lakini chanjo zake hukuziandika.

Sasa beseni. Moja kwa paka wawili ni shida hata kwa marafiki. Hesabu yetu ni idadi ya paka na moja juu, kwa hiyo matatu, tena yasipangwe pamoja, maana matatu mstari mmoja kwa Bosi ni lango moja la kulinda. Moja stoo, moja jikoni, moja chumbani kwako karibu na kabati, hata kama mume atanung'unika. Mkumbushe godoro. Godoro lenyewe lisisafishwe kwa dawa yenye amonia, kwa pua ya paka hiyo inanuka mkojo na inamwalika tena. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya, vile vinavyovunja uchafu, maji mengi, jua la siku nzima. Mabakuli nayo yatengane, chumba na chumba. Watu hupenda picha ya paka wawili kwenye sahani moja. Paka wenyewe hawaipendi.

Umeuliza kuhusu kumrudisha Bosi. Wiki tatu hazitoshi kuamua, na tatu hizi hazihesabiki kwa sababu hawakuwahi kutambulishwa. Jipe miezi miwili mitatu. Huenda wasilale pamoja hata siku moja, wakaishia kupishana koridoni kama wapangaji wanaosalimiana kwa kichwa. Hilo nalihesabu kuwa ushindi. Lakini kama baada ya muda huo Tausi bado anakula usiku wa manane, mtafutie Bosi nyumba isiyo na paka mwingine. Dume jasiri, limehasiwa, limechanjwa, linalopenda watu, halikosi mtu Tanga nzima. Mweleze mdogo wako mapema ili asije akaumia ghafla.

Kama mchanga wa ujenzi wa kujaza mabeseni unakushinda kubeba, nenda kwa fundi seremala ukaombe maranda, wengi huyatupa. Muulize tu kama ni ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Kama ndiyo, muachie.